Huru si Huria: Programu na Mahindi ya Endebess

Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, alijitwika mzigo ambao Mswahili hana. Neno la Kiingereza alilochagua kuzieleza programu zake lina maana mbili, bure na huru, na tangu hapo kazi yake imekuwa kueleza kwamba hazungumzii bei. Februari 1998 kundi jingine la Wamarekani, lililochoshwa na maelezo hayo, lilipokea jina lililopendekezwa na Christine Peterson, jina linalosifu chanzo kilicho wazi na kuuacha uhuru pembeni ili wenye kampuni wasishtuke. Sisi tulikuwa na bure, huru na wazi, kila moja na kazi yake. Hata hivyo wafasiri wetu walichukua la nne, huria, wakalipachika kotekote: programu huria, chanzo huria. Nadhani walikosea, na ushahidi wangu unatoka Endebess, chini ya Mlima Elgon, kwenye mahindi.

Mwaka 1955 Michael Harrison alianza kazi ya kuboresha mahindi katika kituo cha utafiti cha Kitale, karibu na Endebess. Aina iliyotokana na kazi hiyo, Kitale Synthetic II, ilichanganywa na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Ecuador 573, na mwaka 1964 ikatoka chotara iliyoitwa H611. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho, ndiyo iliyoizalisha na kuiuza. Jinsi chotara inavyozalishwa si siri: mistari ya jike na ya dume hupandwa sambamba, na jike hung'olewa ua la juu kabla halijamwaga chavua. Wazazi wa H611 wametajwa katika maandishi ya watafiti kwa zaidi ya nusu karne, kwa hiyo chanzo chake kiko wazi kuliko cha programu nyingi. Lakini mkulima akiweka punje za mavuno yake na kuzipanda tena, mahindi hayalingani, magunia hupungua, na wazazi wenyewe hana. Basi kila msimu unapokaribia hurudi dukani. Mbegu ya kienyeji haikuwa hivyo. Hata ikinunuliwa sokoni kwa gorogoro, kwa hiyo si ya bure, ilikuwa huru: aliyeipata aliirudia, akaichagua upya, akamgawia jirani.

Neno huria nalo lina historia. Dar es Salaam linasikika vyema, maana Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992, na huko huko, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiko mradi wa Kilinux ulikotoa programu ya ofisi, Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili mwaka 2004. Trans Nzoia, kaunti ya Kitale na Endebess, liliingia kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa 1993 serikali ya Kenya iliondoa udhibiti wa bei na usafirishaji wa mahindi, Bodi ya Nafaka ikapunguza ununuzi, na mkulima akabaki kupatana na mwenye lori. Hilo ndilo soko huria. Uhuru wake ulikuwa zaidi wa anayenunua.

Mtu atasema mahindi si programu: chotara imefungwa na maumbile, programu imefungwa na leseni. Ni kweli kwa chotara. Ila sheria ya mbegu ya Kenya, hasa baada ya marekebisho ya 2012, iliifuata hata mbegu inayokubali kurudiwa. Kuuza au kubadilishana mbegu isiyoidhinishwa kukawa kosa la kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Mahakama Kuu ilitangaza vifungu hivyo kinyume cha Katiba Novemba 2025. Kufuli la sheria hiyo lilikuwa la karatasi tu, sawasawa na la programu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: leseni nyingi hukubaliwa na kambi zote mbili, basi ugomvi wa majina ni wa nini? Jina hufanya kazi kabla leseni haijasomwa. Karani wa shule akiambiwa chanzo kiko wazi ataona kutazama kunatosha, na zipo kampuni zinazoonyesha msimbo wao huku zikikataza usitumike watakavyo wengine. Mwaka 2012 wanasayansi na wakulima wa Marekani waliunda chama cha mbegu na kukipa jina la kambi ya chanzo wazi. Walijaribu kuandika leseni kama za programu, wakaona haiwezi kuenea kwenye pakiti, wakaandika ahadi fupi badala yake. Ahadi hiyo haijishughulishi na nani anaona nini. Inasema mwenye mbegu ana uhuru wa kuitumia apendavyo, mradi asimzuie mwingine. Ukiipeleka sokoni Endebess, ukamwomba muuza mahindi aitaje mbegu ya namna hiyo kwa neno moja, hatasema huria.