Herufi za Hela ya Tabora

Atokaye Usoke kwa gari la moshi kwenda mashariki, kabla ya kufika Tabora hupita Lulanguru. Huko, mwaka 1916, Wadachi walichapa sarafu katika karakana ya reli. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari, fedha haikuja tena kutoka Ulaya, na watu hawakupenda kupokea noti za karatasi.

Kila sarafu huanza na muhuri wa chuma. Fundi huchonga herufi kinyume, kama zionekanavyo katika kioo, kisha muhuri hupigwa juu ya shaba. Hata herufi za risasi za wapiga chapa zilianza na mkono wa mchongaji.

Tukizitazama sarafu za hela 20 za mwaka ule, twaona jina HELLER: katika nyingine ncha za L zimechongoka, katika nyingine zimepindwa kama pambo. Basi mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja. Wakusanyao sarafu hata leo huzitenga kwa ncha hizo ndogo.

Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Utawala ule ulikwisha, bali jina lingali vinywani mwetu, tusemapo: “Sina hela.”