Mfumo Mkongwe Juu ya Mashine Mpya: Deni la Kompyuta Karagwe na Kyerwa

Mwaka 2012 Wilaya ya Karagwe iligawanywa na Kyerwa ikawa wilaya inayojitegemea. Historia ya migawanyo ya namna hii huandikwa kwa ramani, kwa idadi ya kata na kwa majina ya viongozi walioapishwa. Katika makala hii nataka kuitazama kupitia kitu ambacho hakikutajwa katika hotuba za siku zile, nacho ni kompyuta. Ofisi inapozaliwa hununuliwa mashine mpya, na mashine hiyo hukabidhiwa kazi za zamani: madaftari ya mishahara, orodha za wanafunzi, hesabu za vyama vya msingi vya kahawa. Kazi hizo ziliandikwa kwa programu zilizozoea Windows XP, mfumo endeshi ulioingia sokoni tarehe 25 Oktoba 2001. Mwaka 2012 mfumo huo ulikuwa unatimiza miaka 11, na mashine zilizokuwa dukani hazikuwa tena za zama zake.

Ndipo mafundi wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda walipojikuta wakifanya kazi ambayo haimo katika mkataba wowote wa ununuzi: kuichukua mashine mpya, kufuta mfumo iliyokuja nao, na kuipiga Windows ya zamani.

Ili kuelewa ugumu wa kazi hiyo ni lazima tuelewe draiva. Draiva ni programu ndogo inayosimama kati ya mfumo endeshi na kifaa, mfano wa mkalimani. Mfumo endeshi haujui namna kila diski, kila kadi ya mtandao au kila printa inavyoamrishwa. Hutoa amri ya jumla, na draiva huigeuza kuwa lugha ya kifaa husika. Penye lugha ya pamoja, mkalimani maalumu hahitajiki. Speke alipofika Karagwe mwezi Novemba 1861 aliandika kwamba Mfalme Rumanyika alizungumza naye kwa Kiswahili. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuifikisha lugha hiyo hadi Bweranyange. Kompyuta nazo zina Kiswahili chao, yaani viwango vya zamani ambavyo karibu kila kifaa huvielewa, kama IDE kwa diski na VGA kwa skrini. Tatizo huanza pale kifaa kinapohamia lugha mpya ambayo mfumo endeshi haukupata kufundishwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa diski. Kompyuta za miaka ile zilikuwa zimehamia utaratibu wa mawasiliano unaoitwa AHCI, ambao diski ya kusakinishia XP haikuufahamu. Fundi aliingiza diski yake, maandishi meupe yakapita, mafaili yakasomwa moja baada ya jingine, kisha ghafla skrini ikawa ya bluu, na chini yake namba 0x0000007B. Wengi waliisoma namba hiyo kama dalili ya mashine mbovu, na zipo mashine nzima zilizorudishwa dukani kwa sababu hiyo. Maana yake ilikuwa nyepesi zaidi: mfumo hauioni diski unayotakiwa kuwaka kutokea. Tiba rasmi ilikuwa kubonyeza F6 mwanzoni mwa usakinishaji na kuupa mfumo draiva kutoka katika diski laini, ile ya mraba iliyotumika zamani. Kompyuta mpakato za 2012 hazikuwa na mahali pa kuiingizia.

Zikabaki njia mbili. Ya kwanza ni kuichanganya draiva ya AHCI ndani ya diski ya kusakinishia, kwa programu kama nLite, kisha kuchoma diski mpya. Njia hii ni safi, lakini yahitaji kompyuta nyingine nzima, mtandao wa kupakulia draiva, na mtu anayejua ni ipi hasa aitafute. Ya pili huchukua dakika mbili: unaingia katika Bayosi na kubadilisha utaratibu wa diski kutoka AHCI kwenda IDE. Mashine mpya inaamriwa ijifanye ya zamani, nayo inatii. Usakinishaji unaendelea, mteja anafurahi, na kuanzia siku hiyo diski aliyoilipia inafanya kazi kwa adabu za miaka iliyopita. Mafundi wengi walichagua njia ya pili, na siwalaumu, kwa kuwa waliolipwa kwa mashine moja moja wasingeweza kuipa kila mashine siku nzima.

Skrini ya bluu ilikuwa mlango wa kwanza tu. Baada ya mfumo kukaa, picha zilionekana kubwa na zenye ukungu kwa kuwa kadi ya picha ilikuwa ikitumia lugha ya jumla ya VGA, sauti haikuwepo, na mtandao, wa waya na usio na waya, ulikuwa umekufa. Hapa ndipo palipokuwa na kejeli iliyowachosha watu: draiva ya mtandao iko mtandaoni. Fundi mzuri alijua mpangilio. Kwanza draiva ya chipseti ya ubao mkuu, kisha ya mtandao, kisha nyingine zote. Alijua pia kwamba kifaa kisichotambuliwa bado kina kitambulisho chake. Katika Kidhibiti Vifaa, alama VEN_8086 humaanisha kifaa kimetoka Intel, VEN_10EC humaanisha Realtek, na herufi zinazofuata baada ya DEV hutaja aina yenyewe. Kwa kuandika herufi hizo katika karatasi na kwenda nazo kwenye kibanda cha intaneti, aliweza kurudi na draiva sahihi katika flashi. Asiyejua hilo alinunua diski iliyokusanya maelfu ya draiva za kila namna, na mara nyingi alinunua pamoja nayo virusi. Tukumbuke pia kwamba Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulitegemea umeme uliovushwa kutoka Masaka nchini Uganda. Umeme ukikatika usakinishaji ukiwa katikati, kazi ilianza upya.

Kwa nini basi watu walijitaabisha hivyo? Jibu la haraka, ambalo nimelisikia hata kwa wasomi wenzangu, ni kwamba watumishi wa wilayani hawapendi mabadiliko. Nalikataa jibu hilo. Nimepata kukaa na fundi mmoja aliyekuwa akihangaika na kompyuta ya ofisi moja ya ushirika ambayo sitaitaja. Mashine ya zamani ilikuwa imekufa. Diski yake ilipona, na ndani yake kulikuwa na programu iliyotunza uzito wa kahawa ya kila mkulima na fedha alizokwisha kupokea. Programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya XP na mtu ambaye hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu tena, na ilichapisha kupitia printa ya utepe iliyotumia tundu la zamani la waya mpana. Kompyuta mpya haikuwa na tundu hilo. Nje walikuwa wameketi wazee wanaosubiri malipo ya pili. Kwa wazee wale, XP ndiyo iliyokuwa ushahidi pekee kwamba waliuza kilo walizosema waliuza, na mazoea hayakuhusika hata kidogo.

Mzizi wa jambo hili ni wa kale kuliko XP. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za serikali kushindwa kuleta matunda yaliyotarajiwa, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile hucheka nayo wengi leo. Mimi naona ilikuwa na swali la haki ndani yake: nani atakayeitunza mashine hii baada ya muuzaji kuondoka? Jibu lililotolewa, yaani kufunga mlango, ndilo lililokuwa baya. Mlango ulipofunguliwa tena, na hasa baada ya Sera ya Taifa ya TEHAMA ya 2003, swali lenyewe halikurudishwa mezani. Tulijifunza kuandika zabuni za mashine: ukubwa wa diski, kasi ya kichakato, idadi ya vipande. Zabuni nyingi nilizopata kuzisoma hazina hata mstari mmoja wa kuhamisha kumbukumbu au kuandika upya programu iliyozeeka. Gharama hiyo haikutoweka kwa kutoandikwa. Iliangukia mezani kwa fundi wa Omurushaka, ambaye aliilipa kwa kuigeuza mashine mpya kuwa ya zamani.

Palikuwa na njia nyingine, na hazikuwa za siri. Windows 7 katika matoleo yake ya kikazi iliruhusu, tangu 2009, kusakinisha bure XP kamili inayoishi ndani ya dirisha, juu ya mashine bandia. Mfumo wa nje ungeongea na vifaa vipya, na programu ya zamani ingeendelea ndani bila kujua kwamba dunia imebadilika. Kwa ofisi ile ya ushirika hilo lingemaliza sehemu kubwa ya taabu, isipokuwa printa. Njia ya pili ilikuwa Linux, ambayo hubeba draiva nyingi ndani ya kiini chake chenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilikuwa kimetoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili zikiitwa Jambo OpenOffice. Taifa lililokuwa na jambo hilo mkononi mwaka 2004 liliendelea kuuziana diski za XP za kuchoma barabarani. Hili sina maelezo yake mepesi.

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuitengenezea XP viraka vya usalama, na ungedhani mchezo umekwisha. Ulianza upya na Windows 7. Kuanzia vichakato vya Intel vya kizazi cha sita vya 2015, matundu yote ya USB yalihamia utaratibu mpya ambao diski ya Windows 7 haikuufahamu. Safari hii usakinishaji ulifika hadi ukurasa wa kuchagua lugha, skrini ikiwa nzuri kabisa, lakini kibodi na kipanya vikiwa vimekufa. Hukuweza kubonyeza chochote. Aliyebahatika kuwa na ubao mkuu wenye tundu la duara la kibodi ya zamani aliokoka. Wengine walilazimika kuziingiza draiva za USB ndani ya diski ya kusakinishia kabla ya kuanza. Diski za NVMe nazo zilihitaji kiraka chao. Januari 2016 Microsoft ilitangaza kwamba vizazi vya vichakato vitakavyofuata vitahudumiwa kwa Windows 10 pekee. Ujanja wa kujifanya mzee ulikuwa unafungiwa milango mmoja mmoja, na viwandani.

Mabadiliko makubwa zaidi kwa halmashauri yalitokea mahali pengine. Mwaka 2017 PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti uliokuwa ukisakinishwa katika kompyuta moja moja, ulitolewa upya ukiwa wa mtandaoni, pamoja na FFARS kwa ajili ya hesabu za shule na vituo vya afya. Mtumishi wa Kyerwa hakuhitaji tena toleo fulani la Windows, alihitaji kivinjari tu. Ni hatua ninayoisifu bila kusita. Hata hivyo mnyororo haukukatika, ulisogea: kivinjari cha Microsoft kilichokomea katika XP hakikuweza kuzungumza usimbaji mpya unaodaiwa na tovuti salama, na Chrome ilikuwa imekwisha kuiacha XP mwezi Aprili 2016. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia na kukwamisha hospitali za Uingereza. Wengi hudhani waathirika walikuwa watumiaji wa XP. Walio wengi walikuwa na Windows 7 iliyokuwa bado inahudumiwa, ila haikuwa imewekewa kiraka kilichotolewa miezi miwili kabla.

Kyerwa, tangu enzi za mkoloni, imechimbwa madini ya bati, na bati ndilo linaloshika vipuri juu ya ubao wa kompyuta. Wilaya inayotoa lehemu ya mashine hizi haina sababu ya kuwa ya mwisho kuulizwa mashine hizo zinahitaji nini.

Swali hilo limerudi kwa sura iliyogeuka. Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia kikomo. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, vichakato vya kizazi cha nane kuendelea. Sasa mfumo mpya ndio unaoikataa mashine ya zamani, na kompyuta nyingi za ofisi na shule zitakataliwa zikiwa bado nzima. Zabuni zitaandikwa tena. Afisa TEHAMA anayesoma makala hii anaweza, kabla ya kutaja idadi ya mashine, kuandika orodha ya programu zote ambazo ofisi yake haiwezi kulipa au kuhesabu bila hizo: jina la kila moja, aliyeitengeneza, mfumo unaoibeba, mahali ilipo diski yake ya asili, na printa inayoitegemea. Kisha kiwekwe kifungu cha fedha cha kuhamisha kumbukumbu zake, na kiwekwe katika bajeti ileile inayonunua mashine.