Leukemia ya Paka: Ilivyogunduliwa, na Namna ya Kumlisha na Kumtunza Paka Aliye Nayo

Leo tumzungumzie mfugo asiyeandikwa kwenye daftari la mifugo la kijiji: paka. Hatoi maziwa wala hauzwi mnadani, lakini mwenye kihenge cha mahindi na mwenye duka la nafaka wote wanajua thamani yake. Gunia lililotobolewa na panya halina bei sokoni.

Paka huyo akianza kukonda, fizi zikapauka, vidonda vya mdomoni visipone na homa ikawa inakuja na kuondoka, wengi wetu tuna dawa moja tu: kumtia kwenye kiroba na kwenda kumtupa mbali. Dalili hizo zinaweza kuletwa na minyoo, njaa au magonjwa mengine. Lakini kama ni leukemia ya paka, yaani saratani ya damu inayoletwa na kirusi, kumtupa ni kumpelekea jirani ugonjwa. Ugonjwa huu una historia ya miaka 60 na zaidi, na karibu kila hatua ya historia hiyo imeacha funzo unaloweza kulitumia nyumbani kwako bila gharama kubwa.

Glasgow, 1964: vifo vya nyumba moja

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba saratani ni bahati mbaya ya mnyama mmoja, na kwamba haitoki kwa huyu kwenda kwa yule. Kwa kuku imani hiyo ilishatikiswa mapema. Mwaka 1911 Peyton Rous, mtafiti wa New York, alionyesha kwamba uvimbe wa saratani wa kuku mmoja unaweza kupandikizwa kwa kuku mwingine kwa maji yaliyochujwa, yasiyo na hata seli moja ya uvimbe ndani yake. Wengi walisema hayo ni mambo ya kuku tu.

Katika jiji la Glasgow, Scotland, alikuwapo daktari wa mifugo aliyeitwa William Jarrett, mwalimu wa chuo kikuu cha jiji hilo. Wafugaji wa ng'ombe walishafaidika na kazi yake, kwani yeye na wenzake ndio waliotengeneza chanjo ya minyoo ya mapafu ya ng'ombe katika miaka ya 1950. Akaletewa habari ya nyumba moja yenye paka wengi, ambako paka walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine kwa saratani ya tezi. Kama ni bahati mbaya, kwa nini iwaandame paka wa nyumba moja?

Jarrett na wenzake wakachunguza uvimbe wa paka hao kwa darubini ya elektroni, na mwaka 1964 wakatangaza kwamba wameona chembe za kirusi. Hicho ndicho tunachokiita leo kirusi cha leukemia ya paka.

Funzo la kwanza linatoka hapo. Ugunduzi huo ulianza na mtu aliyehesabu vifo na kujiuliza swali. Nawe ukiona paka wawili au watatu wa nyumba moja wamekonda na kufa ndani ya mwaka mmoja, usiseme ni mkosi. Andika tarehe na dalili, kisha mwone mtaalamu wa mifugo.

1973: kosa liko kwenye bakuli

Kujua kwamba kirusi kipo ni jambo moja. Kujua kinapitia wapi kulichukua miaka mingine tisa. Mwaka 1973 William Hardy na wenzake mjini New York walileta kipimo cha damu cha kumtambua paka mwenye kirusi hata kama bado anaonekana mzima. Walipopima nyumba zenye paka wengi, jibu likawa wazi: paka wazima walioishi na wagonjwa walikuwa wakiambukizwa.

Kirusi hiki hutoka kwa wingi kwenye mate na makamasi. Hupita paka wanaporambana manyoya, wanapokula bakuli moja kila siku, na wanapoumana. Mama pia huwapitishia watoto tumboni au kwa maziwa. Mara nyingi kinahitaji ukaribu wa muda mrefu. Nje ya mwili ni dhaifu, kwani mahali pakavu hufa ndani ya saa chache, na sabuni ya kawaida au maji yenye klorini hukiua upesi.

Kwa hiyo bakuli moja la paka wote, lile tunaloliona kuwa ni kubana matumizi, ndiyo njia mojawapo ya ugonjwa. Mgonjwa apewe bakuli lake la chakula, la maji, na mahali pake pa kulala. Lisha wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha osha vyombo kwa sabuni na nawa mikono. Hiyo haina gharama zaidi ya kopo moja la ziada.

Kuondoa, na swali la kuua

Kipimo kilipopatikana, nyumba nyingi za Marekani na Ulaya zilianza kufuata utaratibu wa kupima paka wote, kuondoa wenye kirusi, kusafisha, na kupima tena waliobaki baada ya miezi kadhaa. Utaratibu huo ulifanya kazi, na nyumba zilizokuwa zikizika paka kila mara zikatulia. Lakini mara nyingi "kuondoa" kulikuwa na maana ya kuua, hata paka aliyekuwa bado anakula na kuwinda vizuri.

Baadaye ilifahamika kwamba si kila paka aliyekutana na kirusi hiki huangamia. Baadhi hukishinda. Wengine hukifungia ndani ya mwili kikalala, wakaishi miaka mingi bila kuugua. Kuna wale ambao kirusi huwashinda: huingia kwenye uboho wa mifupa, damu ikapungua, kinga ikaanguka, au saratani ikaota. Wengi wa hao hufa ndani ya miaka mitatu hivi. Wanaoshindwa kwa urahisi zaidi ni watoto wa paka, na mkubwa ana nguvu zaidi ya kupambana.

Ndiyo maana mwongozo wa chama cha madaktari wa paka cha Marekani wa mwaka 2020 unasema paka asiuawe kwa sababu tu kipimo kimemkuta na kirusi. Apimwe tena, atazamwe hali yake, na kama anaishi vizuri atunzwe akiwa ametengwa na wazima. Kipimo cha haraka hutumia tone la damu. Uliza kwa daktari wa mifugo wa wilaya yako kama kinapatikana. Kama hakipatikani, mchukulie paka mwenye dalili nilizotaja kuwa ana maambukizi: mtenge, mlishe, na umtibu yanayotibika, hasa minyoo na viroboto. Wapo watakaopona kabisa, kwa kuwa hawakuwa na leukemia tangu mwanzo.

Je, ni "UKIMWI wa paka"?

Jina hili linavuma na linatisha watu, kwa hiyo tulinyooshe. Mwaka 1987 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza kirusi kingine cha paka kinachoshusha kinga. Hicho ndicho kinachofananishwa na UKIMWI, na ni tofauti na kirusi cha leukemia, ingawa paka mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Virusi hivi vya paka na kile cha UKIMWI wa binadamu ni wa ukoo mmoja mpana, na ukoo huo umetusaidia sisi wanadamu. Max Essex, daktari wa mifugo wa Marekani, alianza kwa kuchunguza leukemia ya paka. UKIMWI ulipozuka, alikuwa miongoni mwa watafiti wa mwanzo waliohisi kwamba unaletwa na kirusi cha ukoo huo. Mwaka 1996 ushirikiano wa utafiti wa UKIMWI kati ya Botswana na Chuo Kikuu cha Harvard ulianzishwa, naye akiwa mmoja wa viongozi wake.

Kirusi cha leukemia ya paka hakijaonekana kumwambukiza binadamu. Hakileti ugonjwa kwa ng'ombe, mbuzi, mbwa wala kuku wako. Usimuue paka kwa hofu hiyo. Hata hivyo, paka mwenye kinga dhaifu anaweza kubeba vijidudu vingine, kwa hiyo mama mjamzito asishike kinyesi chake, na watoto wanawe mikono baada ya kumshika.

Chanjo ya leukemia ya paka ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1985. Humkinga paka mzima lakini haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Ukiipata, wape kwanza watoto wa paka wanaotoka nje. Na paka yeyote, mgonjwa au mzima, achanjwe kichaa cha mbwa, kwa maana hicho huua watu.

Chakula: kilichojulikana mwaka 1975 na 1987

Sasa tuje kwenye sufuria. Kirusi hiki hakina dawa ya kukimaliza, kwa hiyo chakula ndicho nguzo ya matunzo.

Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka anayekosa kirutubisho kiitwacho taurini huharibika macho hadi kuwa kipofu. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Davis wakaonyesha kwamba upungufu huohuo hulegeza moyo wa paka, na kwamba wengi hupata nafuu wakirudishiwa taurini. Taurini ipo kwenye nyama, samaki na dagaa. Kwenye mahindi, mchele na mihogo haimo. Mbwa hujitengenezea kiasi kikubwa ya kwake, lakini paka hawezi kujitosheleza. Kwa hiyo paka anayelishwa ugali na mchuzi, eti panya atajikamatia, huishiwa nguvu polepole. Akiwa na leukemia huishiwa haraka zaidi, kwa sababu mgonjwa hawezi tena kuwinda.

Mlishe hivi:

- Kiasi. Paka mkubwa wa kilo 3 hadi 4 anahitaji takribani gramu 150 za nyama au samaki aliyepikwa kwa siku, yaani kiasi cha ngumi moja ya mtu mzima. Gawa mara mbili au tatu. Mgonjwa hula kidogo kidogo.
- Vyakula vya bei nafuu. Dagaa wakavu waloweke na kuwaosha kuondoa chumvi na mchanga, uwachemshe, uwape wazima na mifupa yao laini, ambayo huleta madini ya mifupa. Ongeza vichwa, mioyo na firigisi za kuku, mapafu ya ng'ombe, na yai la kuchemsha. Maini yawe kipande kidogo mara moja kwa wiki, kwa kuwa yakizidi hudhuru mifupa.
- Pika kila kitu. Nyama mbichi na maziwa mabichi yana vijidudu ambavyo paka mwenye kinga dhaifu hawezi kuvihimili. Usimwage maji uliyochemshia, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Mwagia juu ya chakula.
- Ugali uwe wa kujazia tu, sehemu ndogo, ukiwa umelowana supu ya nyama au dagaa.
- Usimpe kitunguu maji wala kitunguu saumu. Huharibu damu, na huyu tayari ana upungufu wa damu. Pia mifupa ya kuku iliyopikwa humchoma.
- Akikataa kula, pasha chakula kidogo kitoe harufu, au kiponde kiwe laini kama mdomo una vidonda. Akipitisha siku mbili bila kula, tafuta mtaalamu. Usisubiri.

Mambo yanayoua kabla ya leukemia

Paka wengi wagonjwa humalizwa na mkono wa kusaidia. Paracetamoli ya binadamu humuua paka, hata kidonge kimoja. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ile ya kupe ya mbwa vilevile ni sumu kwake. Tumia dawa ya viroboto iliyoandikwa kwamba ni ya paka. Na usiweke sumu ya panya kwenye ghala lenye paka, kwa sababu panya aliyekula sumu ndiye atakayeliwa.

Mgonjwa akae ndani au uani. Dume ahasiwe, jike afungwe kizazi, ili kupunguza ugomvi na wasizae watoto wenye kirusi. Ukitaka kuleta paka mpya, subiri hadi mgonjwa asiwepo tena, au umweke mpya nyumba nyingine.

Utafika wakati mwingine ambapo paka hali, hanyanyuki na anahema kwa taabu. Hapo mwite daktari wa mifugo amlaze bila maumivu. Huo nao ni utunzaji. Kumtupa porini akafe kwa njaa, huku akiwaambukiza paka wa kitongoji cha pili, si utunzaji, na paka hao ndio wanaolinda mahindi utakayoyanunua kwa jirani yako mwaka wako ukiwa mbaya.

Kwa ushauri zaidi, mwone afisa mifugo wa kata yako.