Unga wa mawe ya fosfati ndani ya komposti: faida yake na muda wake

Huko Kabare na Walungu, wakulima wengi wanaona mambo haya: mahindi changa inageuka rangi ya zambarau kwenye majani, maharagi inabaki mafupi hata mvua ikinyesha vizuri. Mara nyingi ni alama kwamba udongo umekosa fosfori, chakula ya mizizi, maua na mbegu.

Udongo mwekundu wa milima yetu una asidi nyingi. Chuma na aluminiamu zilizo ndani yake zinashika fosfori, mizizi inashindwa kuichukua. Na samadi ya ng'ombe aliyekula majani ya udongo ule ule maskini, nayo inakuwa na fosfori kidogo.

Yanatoka wapi?
Mawe ya fosfati yanachimbwa, kisha yanasagwa. Katika ukanda wetu yanapatikana Minjingu (Tanzania), Matongo (Burundi) na Busumbu (Uganda). Ya Minjingu inayeyuka mbio kuliko ya Busumbu.

Juu ya nini komposti?
Unga huo hauyeyuki vizuri kwenye maji. Lakini takataka zikioza, zinatoa asidi, na vijidudu vinasaidia kufungua sehemu ya fosfori. Komposti inaleta pia azoti, ambayo mawe haina.

Namna ya kufanya
- Panga majani makavu, majani mabichi na samadi, tabaka juu ya tabaka. Titonia, ile ya maua ya manjano inayoota kando ya barabara, ni nzuri sana.
- Nyunyizia unga kwenye kila tabaka: kilo 20 mpaka 50 kwa tani moja ya takataka. Funika pua na mdomo, juu vumbi ni mbaya kwa mapafu.
- Mwagilia, funika na majani ya ndizi, geuza kila wiki mbili ao tatu.
- Kisha miezi mitatu hivi, komposti ikiwa nyeusi na haina joto tena, tia kwenye mashimo ya kupandia.

Hapana kuchanganya na chokaa wala majivu mengi: inapunguza asidi, mawe inakawia kuyeyuka. Na kwenye udongo usio na asidi, unga huu hausaidii sana.

Kabla ya kutoa feza
Fosfati ya mawe inafanya kazi polepole. Msimu wa kwanza unaweza kuona mabadiliko kidogo tu. Faida inaendelea msimu wa pili, wa tatu na zaidi. Kwa hiyo mwenye kulima shamba la bwasa, la kukodi kwa muda mfupi, anaweza kugharamia udongo, kisha mwingine avune. Patana kwanza na mwenye shamba juu ya misimu kadhaa, mbele ya mashahidi. Asipokubali, tumia komposti ya kawaida, na unga uweke kwenye shamba lako mwenyewe, hata kama ni dogo.