Tarehe ya Nyumba ya Falcom ya Tachikawa

Nyumba ya Falcom ilianzishwa na Masayuki Kato tarehe 9 Machi 1981, huko Tachikawa, magharibi mwa Tokyo. Ilianza kama duka la kompyuta za Apple. Jina alilitoa kwenye Millennium Falcon, chombo cha anga cha filamu ya Star Wars, akaibadili herufi ya mwisho ili neno kompyuta nalo lipate fungu lake. Miongoni mwa waliokuwa wakifika dukani alikuwemo Yoshio Kiya, aliyejua kuandika programu. Kato akamkaribisha, na duka likageuka kiwanda cha gemu.

Huyu Kiya ndiye nguzo ya tarehe hii. Mwaka 1984 alitoa gemu ya Dragon Slayer. Shujaa hutoka nyumbani kwake akiwa dhaifu, akaingia mashimoni kutafuta sarafu na mawe ya nguvu, kisha sharti ayarudishe nyumbani ndipo nguvu zimwongezeke. Safari ikiwa ndefu, anaweza kuisukuma nyumba yenyewe aende nayo. Na adui hangoji zamu: ukizubaa umeuawa.

Hapa nisimame kidogo, maana yapo madai yanayorudiwa kila mahali, kwamba gemu za namna hii, za shujaa anayeongezeka nguvu, Japani zilianza na Dragon Quest. Dragon Quest ya kampuni ya Enix ilitoka tarehe 27 Mei 1986. Wakati huo Dragon Slayer ilikuwa na umri wa karibu miaka miwili, na Xanadu, gemu nyingine ya Kiya, ilikwisha kutikisa nchi. Ni kweli mtengenezaji gemu Henk Rogers alitangulia kwa The Black Onyx mwanzoni mwa 1984, lakini mapigano yake ni ya kupokezana zamu. Sifa ya Dragon Quest ni kuzifikisha gemu hizi kwa watoto wa kila mtaa kupitia mashine ya gemu ya Famicom, na hiyo hatumnyang'anyi mtu. Ila aliyeeneza asiitwe mwanzilishi.

Turudi kwa Kiya. Xanadu, ya 1985, iliuza zaidi ya nakala 400,000, na kwa gemu ya kompyuta katika Japani ya siku hizo, huo ulikuwa muujiza. Ilikuwa ngumu, na ilikuwa na hesabu ya dhambi. Si kila kiumbe cha mle shimoni ni muovu. Ukiwaua walio wema, dhambi zako hurundikana na hekalu hukataa kukupandisha daraja. Njia ya kujitakasa ni kunywa sumu, nayo hukupunguzia uhai. Chakula nacho hupungua kila dakika, na upanga hauivi mkononi mpaka uutumie sana. Sijaona gemu nyingine ya zama zile iliyomkadiria mchezaji kwa ukali na haki kiasi hicho.

Mwaka 1987 ikaja Ys, ya Masaya Hashimoto na Tomoyoshi Miyazaki, iliyotengenezwa makusudi iwe pole kwa mchezaji. Adol, kijana wa nywele nyekundu, hana kitufe cha kupigia: humvamia adui kwa mwili, na hekima yote ni kumgonga pembeni, kwani ukimkabili uso kwa uso unaumia wewe. Muziki wake mwingi ni wa Yuzo Koshiro, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini. Hashimoto na Miyazaki waliondoka baadaye, wakaanzisha kampuni ya Quintet. Makoto Shinkai, mwongozaji filamu, naye alipita Falcom.

Kiya pia aliondoka, lakini uzao wake haukukatika. Dragon Slayer ilizaa Xanadu; wa sita katika ukoo huo ni The Legend of Heroes ya 1989; na humo ndimo ilimotoka Trails in the Sky, 2004. Basi kila anayecheza Trails leo anacheza kitukuu cha mkono wa Kiya.

Toshihiro Kondo alikuwa shabiki aliyeendesha tovuti ya kuzisifu gemu za nyumba hii. Akaajiriwa 1998, na 2007 akakalia kiti cha urais. Kato alifariki Desemba 2024, akiwa na miaka 78. Septemba 2025 Trails in the Sky ikatoka upya, imetengenezwa yote kuanzia mwanzo, na makao ya nyumba yangali Tachikawa.