Kabla ya Gondwana: ushahidi wa mawe ya Mbozi

Ukiuliza pale Mbebe, wilayani Ileje, jiwe maarufu la Mkoa wa Songwe ni lipi, utaelekezwa wilaya jirani ya Mbozi, kwenye Kimondo cha Ndolezi: donge la chuma na nikeli lenye uzito wa zaidi ya tani kumi, lililotoka angani. Ni haki yake kusifiwa. Ila wanajiolojia wanaofuatilia safari za mabara wakitaja Mbozi, mara nyingi hawasemi Kimondo. Wanasema miamba ya kienyeji isiyo na kibao wala mgeni wa kulipa kiingilio: gabro na sieniti, iliyopoa kutoka kwenye uji wa moto chini ya ardhi miaka milioni 750 hivi iliyopita.

Ndani ya miamba ya namna hiyo mna chembe za magnetaiti. Joto likishuka chini ya nyuzi 580 hivi za Selsiasi, chembe hizo hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati ule, na zinaweza kuutunza hata bara lote likihama. Kwenye ikweta mistari ya sumaku hulala sambamba na ardhi; kadiri unavyokaribia ncha za dunia ndivyo inavyozidi kuinama. Kwa hiyo mwinamo uliohifadhiwa katika jiwe hueleza latitudo lilipozaliwa. Longitudo haiwezi kuieleza, na upungufu huo umezaa ubishi mwingi.

Tanzania si mgeni katika elimu hii. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha vipimo vya lava ya Bonde la Olduvai. Leo kipindi cha kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 iliyopita, ambapo sumaku ya dunia ilielekea kama ilivyo sasa katikati ya zama za kugeuka kinyume, kinaitwa Olduvai dunia nzima.

Lakini Olduvai ni ya juzi tu. Mwaka 1972 John Piper alichapisha utafiti wa miamba mikongwe zaidi, ya mfumo wa Bukoba, na baadaye akatetea wazo kwamba zamani hizo mabara yote yalikuwa bara moja kubwa. Wazo lilipendeza kwa urahisi wake. Lakini mwaka 1995 Joseph Meert, Rob Van der Voo na mwenzao Ayub wakaja na vipimo vya lava za Gagwe, upande wa Kigoma, zenye miaka milioni 800 hivi, pamoja na vya miamba ya Mbozi.

Kazi yenyewe ni ya subira. Hutobolewa vipande vya mviringo kwa keekee yenye ncha ya almasi, na mwelekeo wa kila kipande huandikwa kabla hakijang'olewa. Dira ya kawaida huweza kudanganywa na jiwe lenyewe, hivyo kivuli cha jua hutumika kuihakiki. Maabara hukichoma kipande kidogo kidogo ili kufuta usumaku wa baadaye, ukiwemo wa radi, hadi ubaki ule wa kale.

Mbozi ilionyesha kwamba kratoni ya Kongo, yaani kiini kikongwe cha Afrika ya Kati, ilikuwa karibu na ikweta. Majibu hayo yalipolinganishwa na ya India na Australia za wakati huo, vipande havikuingiana kama vinavyokaa kwenye ramani ya Gondwana, bara kuu la kale lililounganisha Afrika, India na Australia. Bahari ilikuwa bado katikati. Ilifungwa baadaye, katika mgongano mrefu ulioacha miamba iliyopikwa na kukandamizwa tunayoiona leo Uluguru na Usambara.

Doa moja lilibaki. Mwelekeo wa sumaku ya Mbozi unategemewa sana, lakini umri wa miamba yake uliotumika wakati huo ulipatikana kwa njia ya zamani ya potasiamu na argoni, na kosa lake lilikuwa makumi ya mamilioni ya miaka. Umri huo ungesogezwa, hoja ya bahari ile nayo ingelazimika kupimwa upya.