Mwaka Ambao Pemba Haikulala

Mtu wa pwani akishtuka usiku wa manane, moyo unamwenda mbio, jasho limemtoka na sauti imemkauka, ana neno la kulieleza jambo hilo: amekabwa na jinamizi. Atasoma dua, ataugeukia ukuta na kulala tena. Asubuhi huenda akamsimulia mkewe, huenda asimsimulie mtu. Jinamizi ni la mtu mmoja na kitanda chake.

Mwanzoni mwa 1995, kisiwani Pemba, jambo hilo liliacha kuwa la mtu mmoja. Katika kipindi cha Ramadhani zilianza habari za shetani aingiaye nyumbani usiku. Aliyevamiwa alisema amelaliwa kifuani na kitu kizito, hakuweza kuinua mkono wala kupiga kelele, kisha akazinduka moyo ukidunda kama ngoma. Wengine, wanaume kwa wanawake, walisema wameingiliwa kimwili. Shetani huyo aliitwa Popobawa, kwa kivuli cha bawa la popo ambalo watu walisema wameliona. Wazee hawakuona jina hilo kuwa geni, kwa kuwa habari zake zilikuwa zimesikika Pemba miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Mapinduzi ya Januari 1964.

Popobawa alikuja na sharti ambalo jinamizi halina. Ilisemekana kwamba aliyevamiwa lazima awaeleze wenzake, na akinyamaza atarudiwa. Naona kiini cha historia yote kipo hapo. Jambo ambalo kwa kawaida watu hulificha sasa lilisemwa barazani, sokoni na msikitini. Kila aliyesimulia alimpa jirani yake maneno tayari ya kueleza usiku wake mwenyewe. Familia zilitoa mikeka nje, zikawasha moto na kulala kwa makundi, huku wengine wakikesha wakisoma Qur'ani. Hofu ikavuka bahari hadi Unguja.

Wataalamu wa usingizi wana maelezo ya usiku wa namna hii. Tunapoota ndoto nzito, ubongo huilegeza misuli ili tusiitende ndoto kwa mikono na miguu. Mara nyingine fahamu huamka kabla ya misuli kufunguliwa. Mtu anaona chumba chake, lakini mwili haumtii. Pumzi inaonekana nzito, ubongo unatafuta adui, moyo unakimbia. Hali hii inajulikana duniani kote: Wajapani wanaiita kanashibari, na Waingereza wa zamani waliamini kwamba kuna kiumbe kinachomkalia mtu kifuani. Humpata zaidi aliyelala chali na ambaye usingizi wake umekatikakatika. Sasa fikiria mwezi wa kuamka daku, kisha majuma ya kukesha kando ya moto kwa hofu. Walichofanya watu ili kujikinga na Popobawa huenda ndicho kilichomwongezea milango ya kuingilia.

Mwanaanthropolojia Martin Walsh ni miongoni mwa walioihusisha hofu hiyo na hali hii ya usingizi. Lakini maelezo ya mwili hayatoshi. Watu wa Pemba walikuwa wakilala chali na kuamka daku kila mwaka. Kwa nini iwe 1995?

Hapa wengi huelekeza kidole kwenye siasa. Oktoba mwaka huo Zanzibar ilitarajia uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Waliokumbuka chaguzi za kabla ya 1964 walikumbuka pia Juni 1961, watu 68 walipouawa katika ghasia za uchaguzi. Wapo Wapemba waliosema waziwazi kwamba Popobawa ametumwa na wenye madaraka ili kuwapotosha watu wasifikirie kura. Uchaguzi ulipofika, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, dhidi ya asilimia 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF, na Pemba ikaingia katika miaka ya uchungu.

Maelezo haya yanavutia, lakini nayo yana tundu. Mwaka 2007 Popobawa alisikika Dar es Salaam, na haukuwa mwaka wa uchaguzi. Katrina Daly Thompson, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu Popobawa, anatuonya dhidi ya haraka ya kupata jibu moja, kwa sababu watu walimzungumzia shetani huyu kwa namna nyingi: kwa hofu, kwa mzaha, na ili kusema mambo ya mwili ambayo adabu huyazuia. Siasa inaweza kutueleza kwa nini masikio yalikuwa wazi mwaka ule. Haiwezi kutueleza moyo wa mtu mmoja gizani. Usingizi nao unaueleza moyo, lakini haujui kalenda.

Kati ya maelezo hayo mawili yupo mtu ambaye hupewa sentensi moja tu katika simulizi nyingi. Mjini Unguja, mwaka huohuo wa 1995, mtu mwenye maradhi ya akili alidhaniwa kuwa Popobawa, akauawa na kundi la watu. Hofu iliyokuwa ikitafuta sura ilikutana na mgeni asiyeweza kujieleza. Tunapomcheka Popobawa, kama vijana wengi tunavyofanya leo, tunamsahau yeye. Na tunapoandika kwamba ilikuwa tu misuli iliyochelewa kuamka, tunamsahau pia, kwa sababu misuli haikumuua.

Wengi waliolala nje mwaka ule bado wako hai. Ukiwa na bibi au mjomba aliyekuwa Pemba au Unguja wakati huo, usimuulize kama Popobawa yupo, kwa kuwa swali hilo humfanya mtu ajitetee. Muulize alilala wapi, na nani alikuwa kando yake, na ni usiku gani aliamua kurudi ndani. Majibu hayo hayamo katika nyaraka zozote tunazofunguliwa sisi wanafunzi wa historia, na wenye kuyajua wanazidi kuzeeka.